Mkasi Juu ya Kaunta: Safari ya Kidonge cha Mzio

Saa kumi na mbili jioni, duka la dawa la mtaani, Dar es Salaam. Mteja ana macho mekundu, pua inachuruzika, na mkononi ameshika sarafu ya mia tano. "Dada, mafua ya vumbi yananimaliza. Nipe Piriton." Muuzaji anamuuliza kama anataka zile za usingizi au zile zisizolaza. Zisizolaza, kazi bado haijaisha. Basi anavuta boksi la setirizini, anatoa blista ya vidonge kumi, anachukua mkasi uliofungwa kamba kwenye mguu wa kaunta na kukata vidonge vitatu. Anavitia kwenye kibahasha cha karatasi, anaandika 1x1 kwa kalamu ya bluu na kusema, "Kimoja kimoja, usiku." Biashara imekwisha kabla daladala iliyosimama nje haijaondoka.

Ndani ya boksi imebaki blista ya vidonge saba. Kama mkasi ulianzia upande wenye maandishi, vile saba sasa havina tarehe ya mwisho wa matumizi wala namba ya toleo. Kama ulianzia upande wa pili, mteja ndiye aliyeondoka na dawa isiyo na jina.

Tarehe inayopigwa chapa kwenye boksi ni ahadi yenye masharti. Kiwanda hakiahidi kwamba kidonge kitabaki salama hadi mwezi ule popote kitakapowekwa. Kinaahidi kwamba kitabaki salama kikiwa ndani ya kifungashio kilekile kilichofanyiwa majaribio, kwenye joto lililoandikwa ubavuni mwa boksi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa dawa huhesabu kifungashio kuwa sehemu ya dawa, na kiwanda kikitaka kuhama kutoka aina moja ya plastiki kwenda nyingine hulazimika kuwapelekea wadhibiti ushahidi mpya. Ushahidi huo hukusanywa kwa miezi na miaka. Safari iliyobaki, kutoka kaunta hadi kitandani kwa mgonjwa, haina anayeipima.

Chukua blista yenyewe uitazame kwenye mwanga. Upande wa mbele ni plastiki, mara nyingi PVC, iliyolainishwa kwa moto na kukandamizwa ikawa na vijumba. Upande wa nyuma ni karatasi ya alumini yenye unene wa takriban mikroni 20, nyembamba kuliko unywele, iliyogandishwa kwa joto kuzunguka kila kijumba. Kila kidonge kina chumba chake na mlango wake. Ukisukuma cha kwanza kikatoka, cha pili hakijaonja hewa ya nje. Hapo mkasi unastahili kutetewa kidogo: ukipita katikati ya vijumba bila kugusa kingo zake, kidonge hakidhuriki hata chembe.

Lakini PVC si ukuta. Mvuke wa maji huipenya, polepole, mwezi baada ya mwezi. Kiwanda kikihofia unyevu huipaka plastiki hiyo tabaka la PVDC, na kikihofia zaidi huacha plastiki inayoonyesha na kutumia alumini pande zote mbili. Hata asiyesomea famasi anaweza kuvitofautisha kwa jicho: kidonge kinachoonekana kimelindwa kiasi, kwa kilichofichwa kabisa ndani ya alumini, kuna aliyehofia kitafikiwa na maji, mwanga, au vyote viwili.

Kwa nini maji? Kidonge kimeundwa ili kivunjike kikikutana nayo. Ndani yake, pamoja na miligramu 10 za setirizini au miligramu 4 za klorfeniramini (ile iitwayo Piriton), kuna wanga na viungo vingine ambavyo kazi yake ni kuvimba na kukipasua tumboni. Hewa nzito ya Tanga au Mombasa ikikifikia, kidonge huanza kazi hiyo mapema: hulainika, huota madoa, utando wake wa nje hupasuka, na ukikibana kwa vidole kinabaki unga. Aina zinazoyeyuka juu ya ulimi bila maji ndizo dhaifu kuliko zote. Loratadini ya namna hiyo hutakiwa kumezwa mara tu kijumba chake kinapofunguliwa. Ukiitoa asubuhi ukaiweka mfukoni kwa ajili ya jioni, utakachokuta ni vumbi.

Ndiyo maana kopo linastahili lawama nyingi kuliko mkasi. Vituo vingi vya afya na maduka yamezoea makopo ya plastiki yenye klorfeniramini 1,000, vidonge vilivyolundikana pamoja. Kila mgonjwa anapohudumiwa kopo hufunguliwa, hewa ya ndani hubadilishwa, kijiko au mkono huingia. Kidonge cha kwanza kiliishi kwenye hewa kavu ya kiwandani. Cha mwisho kimeishi kwenye hewa ya chumba chenye wagonjwa na madirisha wazi.

Wamarekani nao wana kopo lao. Maduka ya Costco, kwa chapa yao ya Kirkland, huuza setirizini chupa moja yenye vidonge 365, mzio wa mwaka mzima ndani ya plastiki moja. Kwa bei ya kila kidonge hakuna blista inayoweza kushindana nayo, na ndiyo sababu chupa hizo hufika hadi kwetu ndani ya masanduku ya ndugu waliokuja likizo. Huko zilikotengenezewa, nyumba nyingi zina kiyoyozi. Hapa chupa huzungukwa na hewa ya pwani, na mara nyingi shangazi humgawia jirani nusu kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya baadhi ya chupa za namna hii hukaa kipakiti cha chembechembe za silika, ambacho hunywa unyevu. Kipakiti hicho hakiliwi, ila hakitupwi pia mpaka chupa iishe. Pamba inayojazwa mdomoni mwa chupa nyingine ni habari tofauti: iliwekwa ili vidonge visigongane na kuvunjika safarini, na chupa ikishafunguliwa inapaswa kuondolewa, kwa sababu pamba huvuta unyevu na kuuweka karibu na dawa. Watu wengi hufanya kinyume, wakatupa silika na kurudisha pamba.

Halafu kuna joto. Maboksi mengi yanayouzwa Afrika Mashariki yana agizo la kuhifadhi dawa chini ya nyuzi 30 za Selsiasi. Mkazi wa Dar es Salaam akilisoma mwezi Februari saa nane mchana ana haki ya kucheka, maana hata kivulini joto huwa limeshavuka hapo. Dukani chini ya bati, bila dari wala feni, hali ni mbaya zaidi, na rafu ya juu kabisa, inayopendwa kwa akiba kwa sababu wateja hawaifikii, ndiyo iliyo karibu na bati.

Nambari 30 haikutolewa hewani. Kwa ajili ya majaribio ya dawa, dunia imegawanywa katika kanda za hali ya hewa, na nchi za joto zimo katika kanda ya nne, yenye matawi mawili. Tawi moja hupima dawa kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65; jingine, la nchi zenye unyevu mkali, kwa nyuzi 30 na asilimia 75. Pamoja na hayo kuna jaribio la mateso: miezi sita kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, ili kuona kwa haraka kile ambacho miaka ingekionyesha taratibu. Wakati huohuo, dawa iliyotengenezewa soko la Marekani huandikiwa nyuzi 20 hadi 25. Kwa hiyo chupa ya shangazi haikupimwa kwa ajili ya hewa ya Magomeni, ingawa hilo halimaanishi kwamba itaharibika papo hapo. Saa chache za nyuzi 33 mchana, zikifuatwa na usiku wa nyuzi 24, hazikiui kidonge. Kinachohesabika ni jumla ya joto la miezi, na saa za joto kali zina uzito zaidi kuliko saa za ubaridi. Deshibodi ya gari lililoegeshwa juani, ambako joto hupita nyuzi 50, imo kwenye hesabu nyingine kabisa, iwe Dodoma au Muscat.

Swali la haki ni hili: je, vidonge hivi vinaharibika kweli, au watu wanatishwa bure? Jibu zuri liko jeshini. Mwaka 1986 jeshi la Marekani, likiwa na maghala ya dawa zinazokaribia kupita muda, lilianza na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo mpango wa kuzipima upya badala ya kuzichoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihusu dawa 122 na matoleo 3,005. Asilimia 88 ya matoleo hayo yaliongezewa angalau mwaka mmoja baada ya tarehe yake, na wastani wa nyongeza ulikuwa miezi 66. Wanaopenda kumeza dawa za kale hunukuu takwimu hizi kwa furaha. Wanasahau kusema kwamba dawa zile zilikuwa ndani ya vifungashio vyake vya asili, havijafunguliwa, kwenye maghala yanayodhibitiwa. Takwimu hiyohiyo inasifu kifungashio na ghala kama inavyoisifu dawa.

Ukweli ni kwamba dawa za mzio zilizo katika kidonge kikavu ni ngumu kiasi. Hazihitaji friji kama insulini. Setirizini iliyopitisha mwezi mmoja kwenye droo kavu, ndani ya blista yake, haiwi sumu, na huenda ikatuliza chafya kama kawaida. Hilo halibadilishi kwamba muuzaji haruhusiwi kuiuza. Lakini ukipima hasara zote za njiani, ile ya nguvu ya dawa ndiyo ndogo. Kinachopotea kwanza na kwa wingi ni habari.

Fikiria kidonge kidogo cha njano. Kwa Watanzania wengi kidonge kidogo cha njano ni Piriton, jina la chapa ambalo limegeuka kuwa jina la klorfeniramini yote, iwe imetoka kiwanda gani. Lakini foliki asidi anayopewa mama mjamzito nayo ni kidonge kidogo cha njano. Vikiwa kwenye vibahasha viwili vya karatasi juu ya kabati moja, vyote vimeandikwa kwa kalamu ya bluu iliyofifia, hakuna mtu nyumbani anayeweza kuapa kipi ni kipi. Akikosea mjamzito, analala mchana kutwa na anakosa foliki asidi yake. Akikosea mwenye mafua, atalalamika kwamba Piriton za siku hizi ni feki.

Usingizi wenyewe ni habari inayobaki dukani. Klorfeniramini na difenhidramini, dawa za kizazi cha kwanza zilizoingia matumizini miaka ya 1940, hupenya hadi kwenye ubongo na kumfanya mtu asinzie. Setirizini na loratadini, za miaka ya 1980 na kuendelea, hupenya kidogo, ingawa setirizini bado huwalaza baadhi ya watu. Onyo la kutoendesha chombo cha moto liko kwenye boksi na kwenye karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani, na karatasi hiyo ni moja tu. Boksi la vidonge 100 likigawanywa kwa wateja 30, mmoja huenda akaipata. Wengine 29, dereva wa bodaboda akiwa miongoni mwao, watategemea kwamba muuzaji alikuwa na muda wa kusema.

Namba ya toleo hudharauliwa kuliko maandishi yote, mpaka siku inapohitajika. Aprili 2024, mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba toleo moja la Benylin ya watoto, namba 329304, lilikutwa na kiwango kikubwa cha dietilini glikoli, kemikali yenye sumu. Dawa hiyo ya maji ina difenhidramini na hutumika kwa kikohozi na pia kwa mzio. Siku chache baadaye nchi nyingine za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, ziliagiza toleo hilo liondolewe sokoni, huku kampuni inayomiliki chapa ikisema vipimo vyake havikukuta kemikali hiyo. Yeyote mwenye ukweli katika mvutano huo, mzazi mwenye chupa nzima mkononi aliweza kusoma tarakimu sita na kujua kama tangazo linamhusu. Tangazo la namna hiyo likitolewa kesho kuhusu vidonge, mwenye kibahasha cha 1x1 atasoma nini?

Kuna sura ya ufungashaji ambayo haihusu unyevu wala maandishi: kumzuia mtu. Kwanza, mtoto. Dozi kubwa ya dawa za kizazi cha kwanza inaweza kumletea mtoto degedege na kuvuruga mapigo ya moyo, na kidonge chenye utando wa rangi hakitofautiani na pipi. Huko Windsor, Kanada, daktari wa watoto Henri Breault, aliyechoka kuwapokea watoto waliomeza dawa, alisukuma miaka ya 1960 matumizi ya kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha. Marekani ikatunga sheria mwaka 1970. Kipimo chake kinavutia: watoto wa miezi 42 hadi 51 hupewa kifungashio wawili wawili kwa dakika tano, kisha mtu mzima huwaonyesha jinsi kinavyofunguliwa, huwaambia wanaweza kutumia meno wakipenda, na huwapa dakika tano nyingine. Angalau asilimia 80 wawe wameshindwa mwishoni. Upande wa pili, asilimia 90 ya watu wazima wa miaka 50 hadi 70 wanapaswa kuweza kukifungua, sharti linalomkumbuka bibi mwenye baridi yabisi vidoleni. Blista ya kawaida inayouzwa Kariakoo haijapita jaribio kama hilo, na kibahasha cha karatasi, kinachofunguliwa kwa mate, hakihitaji hata kujaribiwa.

Wa pili kuzuiwa ni mwovu. Septemba 1982, watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza kapsuli za dawa ya maumivu ya Tylenol ambazo mtu alizitia sianidi na kuzirudisha kwenye rafu za maduka. Novemba mwaka huohuo Marekani ilitoa kanuni ya kuzitaka dawa zinazouzwa bila cheti ziwe na muhuri unaoonyesha kama kifungashio kimeguswa. Utando wa fedha unaotobolewa kwa kidole kwenye chupa ya loratadini asili yake iko hapo.

Wa tatu ni mnunuzi mwenyewe. Baadhi ya vidonge vya mzio huchanganywa na pseudoefedrini ili kuzibua pua, na kutokana na pseudoefedrini hupikwa methamfetamini. Sheria ya Marekani iliyosainiwa mwaka 2006 ikavihamishia nyuma ya kaunta: gramu 3.6 kwa siku, gramu 9 kwa siku 30, kitambulisho kionyeshwe, jina liandikwe kwenye daftari, na blista ziwe na vidonge visivyozidi viwili kwa kila kijumba. Hapo kifungashio kimeacha kumlinda mgonjwa na kuanza kufanya kazi ya polisi.

Turudi kwenye mkasi. Ni rahisi kusema upigwe marufuku, kila mtu anunue boksi zima. Atakayesema hivyo hajawahi kusimama kwenye foleni ya duka la dawa tarehe 27 ya mwezi. Mteja ananunua vidonge vitatu kwa sababu ana hela ya vitatu, na kumkatalia ni kumrudisha nyumbani na chafya zake. Tanzania ilishawahi kukutana na mantiki hii katika maduka ya dawa baridi. Badala ya kuyafunga, mwaka 2003 ilianza mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu, kwa kuwafundisha wauzaji, kuyasajili maduka na kuyakagua, na baadaye mpango ukaenea nchi nzima. Mkasi unaweza kutendewa vivyo hivyo. Muuzaji aliyefundishwa huanza kukata upande usio na tarehe, huandika kwenye kibahasha jina la dawa, nguvu yake, mwezi wa kuisha muda na namba ya toleo, na haweki akiba karibu na bati.

Hata hivyo mzigo mkubwa si wa muuzaji. Teknolojia ya kuchapa jina, tarehe na toleo nyuma ya kila kijumba, na kutoboa mistari ya kuchania ili mkasi usihitajike, ni ya kawaida. Hospitali za nchi tajiri hupokea dawa za namna hiyo kila siku. Viwanda vinavyouza katika masoko ambako kila mtu anajua blista hukatwa, vikaendelea kuchapa tarehe kwenye ncha moja tu, vinabana gharama ya wino na kulipisha wengine. Wadhibiti wanaoweza kukataa boksi kwa kosa la herufi wanaweza pia kulitaka hilo.

Mteja wa jioni ile amefika nyumbani. Amemeza kimoja usiku, kingine usiku wa pili, vumbi limetulia baada ya mvua, na cha tatu amekiacha ndani ya kibahasha juu ya friji, mahali ambapo mtoto hafiki lakini mota hupuliza hewa ya moto kutwa kucha. Miezi minane baadaye mke wake anafagia buibui na kukishusha. Wino umefifia, 1x1 inasomeka kwa shida. Ndani kuna kidonge kimoja cheupe katika kipande cha plastiki chenye kingo za mkasi, na nyuma, kwenye alumini, herufi tatu za mwisho za jina fulani.